Wakonyo na Marehemu Sabini na Mmoja

Karundu-ini ni mgongo wa kilima, wa tatu ukitoka Mukurweini mjini, na watu wake wanaonana kila siku bila kufikiana. Jirani wa ng'ambo ya bonde ukimwita anaitika, hata rangi ya shuka alilojitanda unaiona, lakini kumfikia ni saa nzima ya kushuka hadi mtoni na kupanda tena kati ya migomba. Wakonyo, tunayemwita Mama Ken, ameshuka na kupanda hapo kwa miaka kumi na minne. Ana umri wa miaka hamsini na tisa na magoti yake yamekwisha.

Yeye ni mhudumu wa afya ya jamii. Kazi hiyo haina ofisi wala kiti. Ina mkoba mmoja wa mgongoni wenye mashine ya kupima presha, mizani ya watoto na kitabu cha kaya. Huingia nyumba kwa nyumba: huyu amkumbushe kliniki, yule amtazame akimeza vidonge vya kifua kikuu mpaka vipite kooni. Aliianza kazi hiyo kwa sababu ya mumewe, aliyeugua kifua, akameza dawa miezi miwili, akajiona amepona, akaacha. Wakonyo hakujua kwamba kuacha ni kufa. Hakuna aliyemwambia. Baada ya kumzika aliapa kwamba katika mgongo huu hakuna mke mwingine atakayekosa kuambiwa.

Nayaandika haya kwa sababu yale aliyotendewa mwanamke huyu yalitendwa mchana, mbele ya watu wazima wenye akili zao, nami nilikuwa mmoja wao.

Chanjo ya korona ilipofika, Wakonyo aliwapeleka watu mia mbili na kumi na wawili. Ninasema aliwapeleka kwa maana halisi: alipita kwao asubuhi, akatembea nao hadi zahanati, akakaa nao kwenye benchi. Mmoja wao alikuwa Beth, mke wa Gicheru tunayemwita Baba Mugo, mama mwoga wa sindano, aliyeshika mkono wa Wakonyo akaufinya mpaka ukabaki na alama za kucha. Hiyo ilikuwa Machi ya mwaka 2022, dozi ya pili. Siku ya kumi na saba baadaye Beth alisikia kifua kinabana na mguu umevimba. Gicheru alimpeleka kituo kimoja cha afya, akaandikwa kwenye faili, akapewa vidonge vya maumivu, akaambiwa arudi nyumbani apumzike. Baada ya siku mbili alianguka akiwa anakamua ng'ombe. Maziwa yalimwagika yakaingia kwenye samadi, naye hakuamka tena.

Gicheru alirudi kwenye kile kituo. Hakwenda kugombana. Alitaka kujua tu. Mara ya kwanza aliambiwa ni moyo. Alipouliza moyo umefanya nini, aliambiwa asogee, watu nyuma yake wako laini. Mara ya pili faili haikuonekana. Mara ya tatu faili ilikuwa kwa daktari, na daktari alikuwa semina. Naibu wa chifu, Mutahi, anayeandikisha watu wanaofia nyumbani, aliandika pia “moyo”, kama anavyowaandikia karibu wote. Kwa miezi yote hiyo hakuna mtu mwenye koti jeupe aliyemtazama Gicheru usoni akamwambia neno dogo la heshima: hatujui, lakini tutatafuta.

Hilo ndilo kosa la kwanza, na waliolitenda hawajaliombea radhi hadi leo. Mtu aliyenyimwa jibu kwenye dirisha la ofisi atalitafuta pengine. Gicheru alilipata kwenye simu. Humo wako watu wasiochoka kujibu. Wana video, wana michoro yenye mistari inayopanda, na wana msamiati wa kigeni uliotafsiriwa haraka: vifo vya ziada. Maana yake ni vifo vinavyozidi idadi ambayo mwaka wa kawaida ungeleta. Ni swali halali, tena zuri. Wataalamu wenyewe huliuliza. Lakini wengi wa wale wa kwenye simu walikuwa na jibu kabla ya kuhesabu mtu hata mmoja.

Gicheru hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa karani wa mizani katika kiwanda chetu cha kahawa kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna mkulima aliyewahi kumshika amekosea hata kilo nusu. Alikuwa pia katibu wa kamati ya mazishi. Kila msiba ukitokea ndiye aliyesindikiza wafiwa kwa Mutahi kuandikisha, na kwa mazoea ya kazi yake alikuwa akinakili namba iliyo juu ya kila karatasi. Basi alikaa chini, akachukua namba ya kwanza ya Januari na ya mwisho ya Desemba, mwaka kwa mwaka, akatoa. Mwaka 2019, kumi na wanane. Mwaka 2020, ishirini. Mwaka 2021, ishirini na saba. Mwaka 2022, sabini na mmoja.

Alirudia hesabu mara nne. Ilikuwa sawa kila mara.

Januari ya mwaka 2024 tulimzika Ngatia, mwendesha boda boda wa miaka arobaini na sita aliyelala akiwa mzima akapatikana amekufa. Baada ya mhubiri, Gicheru aliomba dakika tano. Alisimama wima katika koti lake la kijivu, akasoma hesabu zake kwa sauti ile ile ya kusomea kilo. Alipofika sabini na mmoja alinyamaza, akakunja karatasi.

“Mimi sisemi kitu,” akasema. “Nimesoma tu. Kila mtu ajiulize huo mwaka tulifanya nini ambacho hatukuwa tumefanya.”

Hatukuhitaji kujiuliza. Tuligeuka wote kwa pamoja, kama shamba la majani linavyogeuzwa na upepo, tukatazama upande wa jikoni. Wakonyo alikuwa hapo na wanawake wa kikundi, akipakua githeri ya mahindi na maharagwe. Phyllis, mwenyekiti wa kikundi, aliyezalishwa watoto wawili kwa mikono ya Wakonyo barabarani, alisogea akamtoa mwiko mkononi. Hakumnyang'anya. Aliuchukua polepole, vile mtu anavyochukua kisu kwa mtoto.

“Pumzika, Mama Ken,” akamwambia. “Wengine watapakua.”

Wakonyo alijifuta mikono kwenye leso, akaondoka kwa njia ya nyuma ya zizi. Naye Mutahi alikuwa hapo, kwenye kiti cha mbele chini ya turubai, fimbo yake ya kazi magotini. Yeye ndiye aliyewaandika wale sabini na mmoja kwa mkono wake. Alijua vizuri walikuwa akina nani. Alitazama viatu vyake.

Kuanzia siku hiyo mageti yalifungwa. Wakonyo akibisha, anasikia redio inazimwa ndani. Mtoto anatumwa kusema ati hakuna mtu. Kwingine mbwa walifunguliwa saa nne asubuhi, mbwa ambao yeye mwenyewe aliwajua kwa majina. Akina mama waliobeba watoto mgongoni walivuka barabara. Kuna mmoja alimwambia waziwazi: “Mama Ken, si ati nakuchukia. Lakini hiyo mkoba yako isiingie kwangu.”

Habari ilivuka bonde. Karatasi ya Gicheru ilipigwa picha, ikafika Othaya, ikafika Karatina, ikasomwa Naro Moru na watu ambao hawajawahi kukanyaga Karundu-ini. Katika safari hiyo kata yetu ndogo ilipoteza jina ikawa “kijiji kimoja Nyeri”, kisha ikawa “vijiji vya Nyeri”, na sabini na mmoja wakawa mia saba. Mwezi wa Machi akaja mtu anayeitwa Kim, mwenye kiduka kule Nyeri mjini, na buti ya gari imejaa chupa za maji ya kahawia. Dawa ya kutoa chanjo mwilini, akasema, chupa tatu kwa dozi. Watu wale wale waliomshuku Wakonyo kwa kutowatajia kila kilichomo kwenye sindano hawakumuuliza Kim hata ile rangi imetoka wapi. Wakainywa, wakaharisha, wakasema inafanya kazi.

Wakonyo angeweza kuvumilia aibu. Alishawahi kuvumilia mengine. Kilichomkosesha amani kilikuwa wagonjwa. Kulikuwa na Shosho Monicah, nyanya wa miaka themanini na moja anayekaa peke yake upande wa juu wa zahanati, ambaye presha yake ilipanda kila akikosa vidonge siku tatu. Kwa miaka sita Wakonyo alimpima kila Jumatatu. Sasa wanawe walipiga simu kutoka Nairobi wakakataza. Wakonyo alipita kwa njia ya chini kila Jumatatu, akatazama paani kama kuna moshi, akaendelea. Aprili ilipofika, Jumatatu moja hakukuwa na moshi. Alivunja komeo. Shosho Monicah alikuwa sakafuni tangu Jumamosi, upande mmoja umekufa, mdomo umeenda kando. Yuko hai hadi leo, analishwa kwa kijiko na hasemi. Hakuna aliyemhesabu katika karatasi yoyote.

Baada ya hapo Wakonyo alikwenda kwa Mutahi. Alimwomba afungue kitabu cha vifo cha mwaka 2022, wasome pamoja majina sabini na moja, wawasomee watu. Mutahi alimpa kiti, akamwita mama, akakataa. Kitabu ni mali ya serikali. Leo akimfungulia yeye, kesho atakuja nani? Wakonyo akamuuliza kama hao watu wote walikufa mwaka huo. Mutahi akasema yeye si daktari. Akamuuliza tena. Mutahi akainuka akaenda dirishani akasema kuna vikao vya usalama, ana haraka. Alikuwa na sababu yake, tuliyoijua baadaye: wengi wa wale aliwaandika bila shahidi, kwa neno la mdomo tu, laini ikiwa ndefu na mvua inanyesha. Aliogopa kuulizwa. Kwa woga huo mdogo wa mtu mmoja mwenye fimbo, mwanamke mmoja aliachwa abebe maiti sabini na mmoja peke yake.

Jibu lilimjia Oktoba, kwenye mizani ya kahawa.

Lazima nieleze kwanza desturi ya huku kwetu, kwa sababu mgeni hawezi kuielewa na sisi tumeizoea mpaka hatuioni. Kila mkulima ana namba yake kiwandani, na namba ina jina. Mkulima akifa, jina halifi. Watoto huendelea kupeleka kahawa kwa namba ya baba au ya guka, yaani babu, kwa sababu kubadilisha namba kunafungua maneno ya nani arithi nini, na maneno hayo yanaweza kuchoma boma. Kwa hiyo marehemu wa Karundu-ini wanapeleka kahawa kila msimu. Karani anaita jina, mtu aliye hai anaitika, kilo zinaandikwa. Wako waliolala kaburini miaka arobaini na bado hawajakosa msimu hata mmoja.

Siku hiyo Wakonyo alikuwa amebeba madebe yake mawili. Karani kijana akaita, “Ndirangu wa Kibuchi.” Ndirangu ni baba ya mume wa Wakonyo. Alikufa mwaka 1986. Wakonyo akafungua mdomo akaitika, “Niko.” Na neno lilipotoka tu, akasimama pale pale mpaka waliokuwa nyuma wakaanza kumsukuma.

Alikumbuka mwaka 2022. Chama cha ushirika kilitangaza kwamba namba za marehemu zitafungwa Desemba, isipokuwa familia ilete cheti cha kifo. Mgongo mzima ulijipanga kwa Mutahi. Watu walikuja na mababa, maguka, mashangazi, wakawaandikisha katika kitabu kile kile, kwa mfululizo ule ule wa namba, nyuma ya waliokufa wiki hiyo. Wakonyo mwenyewe alisimama katika ile laini siku mbili kwa ajili ya Ndirangu. Sisi wa nyumba yetu tulimwandikisha nyanya, aliyefariki mwaka wa mvua kubwa ya themanini na nane. Baada ya muda wa mwisho kuongezwa tukarudi katika uvivu wetu, nusu ya vyeti havikupelekwa kiwandani, na namba zikabaki kama zamani. Ndiyo maana tulisahau, na hakuna hata mmoja wetu, hata katibu wa kamati ya mazishi, aliyejiuliza makaburi sabini na moja yako wapi. Tulikuwa tumewaandikisha wenyewe wengi wa wale sabini na mmoja, kisha tukamtazama Wakonyo.

Hakupiga kelele. Alikuwa amejifunza kwamba mtu aliyefungiwa geti hawezi kujitetea getini. Lakini sakafu ya kuchambulia kahawa haina geti. Kila jioni watu humwaga kahawa zao kwenye magunia, wakapiga magoti kuondoa mbichi na kavu kabla ya mizani, na anayepiga magoti kando yako akusaidie huwezi kumfukuza. Ni utovu wa adabu. Wakonyo alipiga magoti yake mabovu kila jioni kwa wiki tano, akichambua kahawa za watu waliokataa salamu yake. Hakutaja chanjo. Aliuliza tu hii namba ni ya nani.

Phyllis ndiye wa kwanza kuelewa. Alijibu bila kuinua macho kwamba namba ni ya guka ya mumewe. Wakonyo akauliza alikufa lini.

“Wakati wa njaa ile ya themanini na nne.”

“Na mlimwandikisha lini?”

“Si ile mwaka walisema watafunga namba? Tulishinda kwa Mutahi mpaka nikashikwa na homa.” Mikono yake ikaendelea kidogo, kisha ikasimama juu ya kahawa. “Ngoja. Huyu naye ako kwa ile karatasi ya Baba Mugo?”

“Wewe unaonaje?”

Phyllis akavuta gunia karibu. Alichambua gunia lote akiwa ameinamisha kichwa, na alipomaliza alimwambia Wakonyo amwandike pia shangazi ya mumewe, aliyekufa mwaka 1997.

Katika daftari la mtoto wa shule, lenye jedwali la kuzidisha mgongoni, Wakonyo aliandika jina, mwaka wa kufa, mwaka wa kuandikishwa. Wiki tano. Kisha Desemba, kwenye mkutano mkuu wa wakulima uwanjani mwa kiwanda, mwenyekiti wa chama alipouliza kama kuna mengineyo, Wakonyo aliinua mkono. Mwenyekiti akatania kwamba Mama Ken akipewa nafasi atatupima presha wote na mkutano uishe kwa huzuni. Watu wakacheka. Wakonyo akangoja wamalize.

Alianza kwa majina, si kwa hesabu. Alisoma kila jina na mwaka wake. Ndirangu wa Kibuchi, themanini na sita. Nyanya yangu, themanini na nane. Kila jina lilipotajwa, kuna kichwa kiliinuka mahali. Kufikia jina la kumi kicheko kilianza, cha aina nyingine sasa, na mzee mmoja akasema kwa sauti, “Kwa hivyo guka yangu amemaliza miaka thelathini kaburini, halafu chanjo ikaenda ikamuua huko?” Uwanja ukaangua kicheko. Wakonyo hakucheka. Alisoma jina la ishirini na sita: “Mugo wa Gathere, tisini na moja.” Huyo alikuwa baba yake Gicheru. Gicheru ndiye aliyemwandikisha, na kwa miaka yake yote kwenye mizani ndiye aliyemwandikia kilo.

Gicheru alikuwa amekaa kwenye jiwe chini ya mkaratusi. Alitoa kofia.

“Arobaini na watano ni wa zamani,” akasema Wakonyo. “Ishirini na watatu walikufa kweli huo mwaka. Watatu siwajui. Nimetafuta, sijawapata, na sitadanganya ati ni wa zamani. Wale ishirini na saba wa mwaka uliotangulia, karibu wote ni wa huo mwaka, na korona ilichukua baadhi yao tukiwaona. Waliofia hospitalini hawako kwa hesabu ya Baba Mugo wala yangu. Hiyo ndiyo niko nayo.”

Mtu mmoja akapiga kelele ati Gicheru asimame aombe msamaha. Wengine wakaitikia. Ni rahisi kwa umati kubadilisha wa kutazamwa. Shingo ni zile zile. Gicheru akasimama, lakini hakuomba msamaha.

“Soma na jina ya Beth,” akasema.

Wakonyo akageuza ukurasa.

“Beth ako kwa ishirini na watatu.”

“Alidungwa lini?”

“Machi tarehe kumi na nne. Mimi ndiye nilimpeleka.”

“Akakufa lini?”

“Siku ya kumi na tisa baada ya hapo.”

“Ni nini ilimuua, Mama Ken?”

“Sijui, Baba Mugo.” Alifunga daftari. “Niliuliza pale kituoni, wakaniambia si kazi yangu. Inaweza kuwa chanjo. Inaweza kuwa ni damu iliganda tu, hiyo hutokea. Mimi siwezi kusema ni hii, na siwezi kusema si hii. Hiyo faili ingesema.”

 Gicheru akavaa kofia, akavuka uwanja, akakaa kando yake kwenye benchi la wanawake.  Alikuwa amesikia neno aliloliomba kwa miaka miwili na nusu, na lilitoka kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimwangamiza.

Mageti yalifunguka, si yote. Wapo hadi leo wanaosema Wakonyo alilipwa kuandika yale majina. Kwenye simu, karatasi ya sabini na mmoja bado inazunguka. Ya Wakonyo haikuvuka hata mto, kwa sababu haiogopeshi mtu. Kim ameongeza kiduka cha pili.

Lakini ngoja nikuambie kilichofuata, maana hapa ndipo hasira yangu inapokataa kulala. Januari ya 2025 Wakonyo aliitwa na ofisi ya afya inayomsimamia. Alivaa gauni lake la kanisani, akidhani labda wanataka kumshukuru. Walimpa karatasi. Ilisema kwamba amekusanya takwimu za vifo bila idhini na kuzitangaza hadharani, na kwamba arudishe mkoba mpaka suala lake litakapochunguzwa. Kwa mwaka mzima wa uongo, ofisi hiyo haikutuma hata barua ya mstari mmoja kumtetea. Mtu aliyehesabu vibaya haikumgusa. Aliyehesabu sawasawa akanyang'anywa mizani ya watoto.

Gicheru aliandika barua ya kumtetea. Mwandiko wake ni mzuri. Ilikuwa na madai mawili: mkoba wa Wakonyo urudishwe, na faili ya Beth ifunguliwe mbele ya mumewe na daktari wa kuieleza. Watu mia moja na arobaini waliweka sahihi, nami nikiwa miongoni mwao, kwa aibu. Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu: malalamiko yenu yamepokelewa.

Julai ikaja kampeni ya chanjo ya surua. Wauguzi walitandika meza kwenye shule ya chekechea. Wakonyo hakuwa na mkoba wala fulana ya kazi. Alikuja kama jirani, akakaa na akina mama kwenye nyasi. Hadi saa tano laini ilikuwa fupi. Wengi walisimama nje ya ua na watoto wao, wakitazama nani ataingia.

Ndipo tukamwona Gicheru akiteremka na mkwe wake, Njoki, mke wa mwanawe Mugo. Njoki alikuwa na mtoto wa miezi kumi. Ni msichana wao wa kwanza, na kwa desturi ya Kikuyu msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake. Kwa hiyo anaitwa Beth, na Gicheru, kama maguka wote, humwita mke wangu.

Hakwenda mezani. Alikuja moja kwa moja kwenye nyasi.

“Mama Ken, huyu ni mke wangu,” akasema. “Sina mwingine. Niambie ukweli.”

Wakonyo alimwambia. Homa inaweza kuja siku ya saba hadi ya kumi na mbili, na vipele vidogo. Mtoto mmoja mmoja, mara chache, homa ikipanda sana hushikwa na degedege, naye Njoki akaelezwa afanye nini. Mara chache zaidi mwili hukataa dawa papo hapo, na ndiyo sababu watakaa nusu saa kabla ya kuondoka. Kisha akamwambia surua yenyewe inafanya nini kwa mtoto wa miezi kumi, bila kuongeza wala kupunguza. Muuguzi mezani akaita kwamba wasipoteze wakati, watu wako laini.

“Ngoja,” Wakonyo akamwambia, bila kugeuka. “Bado anauliza.”

“Na ikitokea kitu,” Gicheru akasema, “nitauliza nani?”

“Mimi. Tutaenda pamoja. Wakifunga dirisha tutakaa hapo chini ya dirisha.”

Gicheru aliushika mguu mdogo wa mtoto. Kisha akamtazama Njoki, kwa sababu uamuzi ulikuwa wa mama. Njoki akafungua leso, akaenda mezani. Mtoto akalia kilio kimoja kikali. Muuguzi akapiga muhuri kwenye kadi, akaisukuma.

Gicheru hakuipokea. Alitoa kalamu mfukoni mwa koti, akaomba kichupa.

“Ya nini, mzee? Muhuri inatosha.”

“Kuna namba hapo kwa kichupa, ya kujua dawa ilitoka wapi. Nisomee.”

Muuguzi akasema haihitajiki. Akina mama waliokuwa kwenye nyasi walikuwa wamesimama wote sasa, na wa nje ya ua walikuwa wameingia, na hakuna aliyekuwa akisukumana.

“Nisomee,” akasema Gicheru.

Muuguzi akainua kichupa kwenye mwanga, akaanza kusoma, naye Gicheru akaiandika kwenye kadi.